Somo la Shule ya Kicukiro

Raia anapolikimbilia vazi la askari huwa hana mkataba wowote mkononi. Huamini tu kwamba mwenye kulivaa hatamwacha. Imani hiyo ilivunjwa mwaka 1994 katika shule moja ya serikali mjini Kigali, na kwa sababu hiyo historia ya shule hiyo yastahili kujulikana katika kila kambi ya jeshi na kila kituo cha polisi.

Mtu atokaye Kimisagara, magharibi ya jiji la Kigali, akavuka mji kuelekea kusini-mashariki, hufika Kicukiro. Huko ndiko ilikokuwa École Technique Officielle, iliyojulikana kwa kifupi kama ETO. Ilikuwa shule ya sekondari ya ufundi, mali ya serikali, iliyoendeshwa na mapadri Wasalesiani wa Don Bosco. Kazi yake ilikuwa kuwapa vijana ujuzi wa kulijenga taifa lao. Katika miezi ya machafuko, askari Wabelgiji wapatao 90 wa UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa, walipiga kambi shuleni hapo, na bendera ya Umoja wa Mataifa ikapepea juu ya majengo yake.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza tarehe 7 Aprili, 1994, watu waliiona bendera hiyo wakaikimbilia. Wanaume, wanawake na watoto wapatao 2,000 walijaa shuleni. Miongoni mwao alikuwamo Boniface Ngulinzira, waziri wa zamani wa mambo ya nchi za nje, ambaye alishiriki katika mazungumzo ya Mapatano ya Arusha ya mwaka 1993. Nje ya uzio wanamgambo wa Interahamwe walingoja na mapanga yao. Kwa siku nne hawakuthubutu kuingia, maana ndani mlikuwa na askari wenye silaha.

Tarehe 11 Aprili wageni kutoka Ulaya walihamishwa. Kisha askari wakaamriwa kuondoka. Baadhi ya wakimbizi walilala mbele ya magari ili kuyazuia. Wengine waliomba wapigwe risasi na askari hao kuliko kuachiwa mapanga. Magari yaliondoka, na wauaji wakaingia. Walionusurika katika shambulio la kwanza waliazimia kwenda kwenye uwanja wa michezo wa Amahoro, ambako kulikuwa na askari wengine wa Umoja wa Mataifa. Walizuiwa njiani, wakaswagwa hadi mlima wa Nyanza, na huko wengi wao wakauawa. Ngulinzira naye aliuawa.

Haki haikudai wenye mapanga peke yao. Mwaka 1999 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Georges Rutaganda, kiongozi wa Interahamwe, na shambulio la ETO lilikuwa miongoni mwa makosa yake. Mwaka 2010 mahakama ya Brussels iliamua kuwa serikali ya Ubelgiji iliwajibika kwa uamuzi wa kuwaacha wakimbizi. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ikautengua uamuzi huo. Wanasheria wanaweza kuendelea kubishana kuhusu nani aliyekuwa na mamlaka juu ya askari wale. Askari, hata hivyo, ana swali lake mwenyewe: amri ya kuondoka inapofika, na nyuma ya mgongo wako wapo watu 2,000 wasio na silaha, ni nani anayewajibika kuwasemea?

Yafaa tuwe waadilifu. Askari wale walikuwa wachache, na wenzao 10 walikuwa wameuawa katika Kambi ya Kigali tarehe 7 Aprili. Kamanda wa UNAMIR alikuwa ametayarisha, Novemba 1993, kanuni zilizoruhusu nguvu kutumika ili kuzuia mauaji ya raia, lakini Makao Makuu ya Umoja wa Mataifa hayakuziidhinisha rasmi. Hapo ndipo lilipo kosa lililo kubwa kuliko woga wa mtu mmoja. Askari alipelekwa mahali pa hatari, akawekwa mbele ya wananchi kama ngao, bila ya kuelezwa waziwazi kwamba ngao hiyo hairuhusiwi kurudi nyuma.

Mwezi Mei 2015 mataifa yaliyokutana Kigali yalitoa Kanuni 18 za Kigali kuhusu ulinzi wa raia. Zinataka makamanda wapewe mapema mamlaka ya kutumia nguvu kuwalinda wananchi, na wasiofanya hivyo wawajibishwe. Kanuni hizo zisibaki katika makabati ya maofisa. Hazina budi kufundishwa kwa koplo na konstebo, kwa kuwa yeye ndiye asimamaye langoni.

Leo Kicukiro pana chuo cha ufundi, na vijana wanasoma tena. Mlimani Nyanza pana makaburi na kumbukumbu ya waliouawa. Ndugu askari, popote utakapowekwa zamu, jua kwamba vazi lako limekwisha kutoa ahadi kabla hujafungua kinywa. Na ahadi ni deni.