Kompyuta ya Shule: Tuiunde au Tuinunue?

Limeanza kuulizwa katika shule zetu za sekondari swali ambalo zamani lilikuwa la mafundi peke yao. Shule ikijaliwa kupata fedha za kompyuta moja yenye nguvu, ya kufanyia kazi nzito, je, inunue iliyokwisha kuundwa kiwandani, au inunue vipande vyake na kuiunda yenyewe? Wengi hulijibu swali hili kwa kutazama bei tu. Kwa maoni yangu bei ni jambo la pili. Jambo la kwanza ni hili: siku mashine itakapozimika, nani ataifungua, na kipande cha kuiponya kitapatikana wapi?

Tuchukue mfano wa shule iliyoko Isongole, wilayani Rungwe, kwenye njia ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu. Hiyo ni nchi ya viazi, ya ukungu na ya mvua nyingi. Fedha ya shule, iwe imetoka Serikalini au imechangwa na wazazi wauzao viazi, haipatikani mara mbili kwa jambo lile lile. Kosa likifanyika leo, watakaolibeba ni wanafunzi wa miaka mitano ijayo.

Pengine msomaji atauliza, kazi nzito yenyewe ni ipi? Picha za setilaiti za Landsat zimekuwa zikitolewa bure kwa watu wote tangu mwaka 2008. Na picha za Sentinel-2, ambayo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, nazo hutolewa bure. Iko pia programu ya QGIS, isiyolipiwa, ya kuzigeuza picha hizo kuwa ramani. Wanafunzi wa Isongole wanaweza kuchunguza mipaka ya msitu wa Mlima Rungwe, ambako wanasayansi walimwona kwa mara ya kwanza kima aitwaye kipunji mwaka 2003, au kulinganisha mashamba ya viazi ya sasa na ya miaka kumi iliyopita. Kazi ya namna hiyo hutaka prosesa yenye nguvu, kumbukumbu kubwa na diski yenye kasi. Kompyuta za kawaida za darasani huimudu kwa taabu.

Yafaa tuanze kwa kuitendea haki mashine ya kiwandani. Vipande vyake vimejaribiwa pamoja kabla ya kuuzwa, na vyote viko chini ya dhamana moja. Kiwanda kikubwa hununua vipande kwa maelfu, kwa hiyo hukipata kila kimoja kwa bei ambayo shule haiwezi kuipata. Katika upungufu wa vipande vya elektroniki uliokumba dunia mwaka 2021, mara nyingi kompyuta nzima iliuzwa kwa bei ndogo kuliko jumla ya vipande vyake. Kadhalika, ununuzi wa umma una utaratibu wake, na mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023 humtaka mnunuzi aeleze wazi anachokihitaji. Ni rahisi zaidi kuandika na kukagua kitu kimoja kuliko vitu tisa. Asemaye kwamba kuunda ni nafuu daima, huyo hajapiga hesabu.

Lakini mashine hiyo ina upande wa pili. Aghalabu kompyuta za kazi nzito za kiwandani huwa na pawa saplai na ubao mama wa umbo la kampuni yenyewe. Niliwahi kuonyeshwa katika shule moja ya nyanda za juu kompyuta nzuri iliyofunikwa kitambaa kama maiti. Prosesa yake ilikuwa nzima, diski yake nzima, na kumbukumbu zake nzima. Kilichoungua kilikuwa pawa saplai peke yake. Fundi alikuwa nazo nyingine dukani, lakini hapana hata moja ambayo plagi yake ilikubali kuingia katika ubao ule. Basi kipande kimoja kilichokufa kikavizuia vingine vyote visifanye kazi.

Mashine iundwayo kwa vipande vya kiwango cha wazi haifungiki namna hiyo. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo pamoja na vitabu vilivyoeleza muundo wake, na viwanda vingine vikaanza kutengeneza vipande vinavyooana nayo. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitangaza kiwango cha ATX, kinachoeleza ukubwa wa ubao mama, mahali pa skrubu zake na plagi za umeme wake. Ndiyo sababu pawa saplai ya ATX iliyotengenezwa na kiwanda kimoja huendesha ubao uliotengenezwa na kiwanda kingine. Mzee wa Rungwe aliyejenga nyumba ya mianzi aelewa jambo hili pasipo kufundishwa: muanzi mmoja ukioza, huung'oa na kutia mwingine, wala habomoi nyumba.

Historia ya nchi yetu nayo ina la kutufunza. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Mambo yaliyochangia uamuzi huo yalikuwa matatizo katika kazi ya hesabu za Serikali, fedha nyingi za kigeni zilizotumika, na kutegemea mno wataalamu wa kutoka nje. Marufuku hiyo ilikwisha kuondolewa zamani, na leo kompyuta imo hata mfukoni mwa mchunga ng'ombe. Lakini somo lake halijapitwa na wakati. Chombo tusichokijua ndani yake hutufanya wapangaji katika nyumba tuliyoilipia.

Sasa tuirudie Isongole, tutazame mazingira yenyewe. Adui wa kompyuta mahali hapo si joto. Ni unyevu, radi, na umeme unaopanda na kushuka. Kipande kinachopigwa kwanza na misukosuko ya umeme ni pawa saplai, yaani kile kile ambacho mashine ya kiwandani hukifanya kiwe kigumu kubadilishwa. Mwenye kuunda mwenyewe aweza kuchagua pawa saplai imara, akanunua na ya akiba, akaiweka kabatini.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme prosesa hula wati 65, kadi ya picha wati 120, na vipande vingine vyote wati 50. Jumla ni wati 235. Pawa saplai ya wati 450 itabeba mzigo huo bila kuchoka. Ya wati 250 itakuwa ikifanya kazi ukingoni mwa uwezo wake kila siku. Tuongeze betri ya akiba ya volti 12 na ampea-saa 9. Nishati yake ni 12 mara 9, yaani wati-saa 108. Ukigawanya kwa 235 utapata saa 0.46, karibu dakika 28. Kwa kweli muda utakuwa mfupi zaidi ya huo, kwa sababu kuna nishati ipoteayo katika kugeuza umeme, na betri itolewayo umeme kwa haraka haitoi yote iliyonayo. Hata hivyo zatosha dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa taratibu. Hili ni somo zima la fizikia, na limepatikana kabla ya skrubu moja kufungwa.

Liko pingamizi moja zito ambalo sina budi kulijibu. Mwalimu aliyeiunda mashine aweza kupewa uhamisho mwezi ujao, akaondoka na maarifa yote kichwani mwake. Hapo mashine ya kuundwa itakuwa yatima kuliko ya kiwandani, maana haina hata kampuni ya kuipigia simu. Pingamizi hili ni la kweli, na shule isiyoweza kulishinda heri inunue mashine iliyo tayari.

Kwa hiyo ushauri wangu una mipaka. Kompyuta za kawaida za darasani zinunuliwe zikiwa tayari, na zote ziwe za aina moja, ili iliyokufa iwe akiba ya vipuri kwa zilizo hai. Ile moja ya kazi nzito ndiyo iundwe shuleni, kwa masharti matatu.

Kwanza, vipande vyote viwe vya kiwango cha wazi, na vihakikiwe kwamba vinaoana kabla ya kulipiwa. Kumbukumbu za DDR4 haziingii katika nafasi ya DDR5, kwani pengo la ukingoni limewekwa mahali tofauti; na kila prosesa ina kiota chake. Kiota cha AM4, kilichotoka mwaka 2016, kilipokea vizazi kadhaa vya prosesa. Vingine hupitwa na wakati upesi.

Pili, kazi ifanywe na walimu wawili au zaidi pamoja na wanafunzi, wala asiachiwe mtu mmoja. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tatu waifungue, waisafishe na kuifunga tena mbele ya mwalimu. Kwa njia hiyo uhamisho wa mtu mmoja hautaondoka na ujuzi wa shule.

Tatu, liwepo daftari. Humo iandikwe kila sehemu, jina lake, namba yake, mahali iliponunuliwa, tarehe na risiti, pamoja na kila ugonjwa uliotokea na dawa yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo wahusu kompyuta sawasawa na duka.

Kijana wa Isongole aliyekwisha kuishika prosesa mkononi, akajua inakaa wapi na kwa nini hupakwa dawa ya kupitisha joto, hataiogopa mashine yoyote atakayoikuta Mbeya au Dar es Salaam. Faida hiyo haiandikwi katika ankara ya muuzaji, na kwa hiyo walinganishao bei huisahau. Mkuu wa shule na kamati yake, kabla ya kutia sahihi, wamwite mwalimu wa fizikia na kumwuliza: je, wewe na wanafunzi wako mtaweza kuifungua? Akijibu ndiyo, na iundwe. Akijibu bado, basi inunuliwe iliyo tayari, na mwalimu huyo apelekwe kwanza kujifunza.