Tairi Lina Umri, Si Meno Pekee

Msimu wa michezo na tamasha unapowadia, mabasi ya shule hujaa barabarani. Wanafunzi huimba, walimu huhesabu vichwa, naye dereva huhimizwa akaze mwendo ili timu isichelewe. Kabla ya safari matairi hupigwa teke, meno yakatazamwa, watu wakaridhika. Swali moja haliulizwi: matairi haya yaliundwa mwaka gani?

Basi la shule si matatu. Matatu hutembea kutwa kucha, na matairi yake huisha meno kabla hayajazeeka. Basi la shule, kwa upande wake, huegeshwa uwanjani likizo nzima likichomwa na jua. Meno husalia, lakini mpira huzeeka. Hewa, jua na joto huukausha polepole, hata ule wa ndani unaoshikilia nyuzi za chuma. Mwendo ukikazwa, tairi hujikunja na kujikunjua bila kukoma, nalo hupata moto. Mzigo mzito na upepo pungufu huuzidisha moto huo. Hapo tabaka la juu laweza kubanduka, au tairi likapasuka ghafla. Likiwa la mbele, dereva hodari pia aweza kushindwa na usukani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Anayedhani haya ni nadharia tupu na atazame yaliyotukia Uingereza mnamo Septemba 2012. Basi lililowabeba vijana kutoka tamasha ya muziki lilipasukiwa na tairi la mbele, likaacha njia, na watu 3 wakafa. Tairi hilo lilikuwa na meno ya kutosha kisheria, ila umri wake ulikuwa miaka 19. Mama wa mmoja wa marehemu hakunyamaza. Alipigania sheria kwa miaka mingi, na tangu Februari 2021 ni marufuku nchini humo kutumia tairi lililozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya basi au lori.

Sisi nasi tumezoea kuhesabu umri. Gari kuukuu lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini. Ikiwa twahesabu umri wa gari bandarini, mbona tusihesabu umri wa tairi katika uwanja wa shule?

Kuusoma si kazi ngumu. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza kwa herufi DOT, pana tarakimu 4. Zikiwa 2316, tairi liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Zikiwa 3 tu, liliundwa kabla ya mwaka 2000, wala halifai kubeba mtoto wa mtu. Tairi la akiba lisisahauliwe, maana nalo huzeeka likiwa limelala.

Najua mhasibu wa shule atauliza fedha zitoke wapi. Na zianze na matairi ya mbele. Zikikosekana, safari iahirishwe. Kila shule iwe na daftari la matairi, na wanafunzi wenyewe wafundishwe kuzisoma tarakimu hizo. Aidha, mwalimu atakayekataa kuwapandisha wanafunzi katika basi lenye matairi yaliyochakaa kwa umri asiitwe mwoga wala mkaidi. Huyo ametimiza wajibu aliokabidhiwa na wazazi.