URAFIKI WA KENYA NA UGANDA SI WA WAKUBWA PEKE YAO



Kila mara wakubwa wa Kenya na wakubwa wa Uganda wakikutana tunaambiwa kwamba nchi hizi mbili ni ndugu. Hushikana mikono, hupigwa picha, hutia sahihi karatasi, na kesho yake magazeti hujaa habari za undugu. Mimi sipingi undugu. Neno langu ni hili: undugu huu unatiwa sahihi na watu wasioubeba, na siku unapovunjika hasara haifiki mezani kwao. Inafika kwa mtu wa Relwe, kwa mtu wa bandarini, na kwa dereva wa lori anayelala chini ya gari lake Malaba.

Kijana aliyeandikwa kazi juzi huenda hajui kwamba reli yetu ni mzee kuliko mpaka. Ilianzwa Mombasa mwaka 1896, na jina lake lilikuwa Reli ya Uganda. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga, na karibu 2,500 walikufa. Ilipofika ziwani Desemba 1901, mahali tunapopaita Kisumu palikuwa bado Uganda. Mwaka uliofuata mpaka ulisogezwa, na mtu aliyelala Uganda akaamka katika nchi nyingine bila kutoka kitandani. Reli yenyewe haikujali. Iliendelea mpaka ikafika Kampala mwaka 1931, na Kasese mwaka 1956.

Tangu mwaka 1948 Relwe ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilikuwa moja. Mtu aliweza kuandikwa Nairobi, akapelekwa Tororo, akarudishwa Eldoret, na mwajiri wake akawa yule yule. Wazee wa kazi hiyo husema kwamba katika nyumba za Relwe hapakuwa na Mganda wala Mkenya, palikuwa na gadi, fundi na kuli. (Wazee husahau. Palikuwa pia na Mzungu juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini kabisa, kwa hiyo mtu asifikiri kwamba nautamani ukoloni.)

Basi tazameni yaliyofuata. Tarehe 6 Juni 1967 wakubwa wa nchi tatu walitia sahihi Mkataba wa Ushirikiano huko Kampala. Mwaka 1970, kutoka Kampala ile ile, serikali ya Obote ikawafukuza wafanya kazi wa Kenya kwa maelfu. Hawakuiba wala hawakupigana. Kosa lao lilikuwa kutokuwa raia. Mwaka 1976 Amin akadai kwamba sehemu ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Nasi Wakenya tusijifanye watakatifu, kwa maana Jumuiya ilipokufa mwaka 1977 walikuwako Nairobi watu wakubwa walioona ni heri.

Mali na madeni ya Jumuiya yaligawanywa kwa mkataba wa Arusha wa Mei 1984, miaka saba baada ya mazishi. Kenya ilipata sehemu 42 katika mia, Tanzania 32, Uganda 26. Injini ziligawanywa, meli ziligawanywa. Kati ya meli mbili za kubeba mabehewa ziwani, ile iliyoitwa Umoja ilikwenda Tanzania, na ile iliyoitwa Uhuru ikabaki Kenya. Atakaye kucheka na acheke. Lakini miaka ya kazi ya mtu hugawanywaje? Kila serikali ilikubali kulipa pensheni za raia wake. Fikirini Mkenya aliyetumika miaka kumi na tano katika karakana ya Kampala, karatasi zake ziko upande mmoja, yeye yuko upande wa pili, na mwajiri aliyemwandika hayupo tena duniani. Anagonga mlango gani? Wako waliokufa wakiwa bado wanagonga.

Sasa wako ndugu wenzetu wanaosema: hayo ni ya zamani, kila nchi na reli yake, na Mganda akipanda treni yetu atachukua kazi yetu. Nimeyasikia katika kantini, na hata katika mkutano wa tawi.

Nawajibu hivi. Uganda haina bahari. Katika mizigo yote inayopita Mombasa kwenda nchi nyingine, ya Uganda ni mingi kuliko ya nchi yo yote. Ukiiondoa mizigo hiyo, dereva wa treni wa Nakuru atavuta nini? Januari 2008, watu walipong'oa reli Kibera kwa hasira ya uchaguzi, petroli ilikuwa adimu Kampala, na huku kwetu treni zilisimama. Mwaka 2016 Uganda ilikata shauri kupitisha bomba lake la mafuta Tanga, na kazi za bomba hilo zikaenda huko. Machi 2021 mahindi ya Uganda yalizuiwa mpakani kwa ajili ya sumu ya kuvu, na walioumia kwanza ni mkulima wa kule na mpakuzi wa huku. Mganda akikosa, nasi tunakosa. Hiyo si huruma, ni hesabu.

Tena hofu hiyo inamtazama mtu asiye na kosa. Mwaka 2006 serikali zote mbili zilikodisha Relwe zao kwa kampuni moja, Rift Valley Railways, kwa muda wa miaka 25. Mwaka 2017 mambo yakavunjika. Habari za kampuni ile zimeandikwa sana, sitazirudia. Nataka mwone jambo moja tu ambalo halikuandikwa sana. Mwajiri alikuwa mmoja kutoka Mombasa mpaka Kampala, na wafanya kazi tulibaki mafungu mawili, kila fungu na chama chake na mkataba wake. Katika meza kama hiyo nani ana nguvu? Mwajiri akibanwa Nairobi hutazama Kampala, akibanwa Kampala hutazama Nairobi. Mganda hachukui kazi yako. Kazi yako inachukuliwa na ile tofauti ya mshahara iliyo kati yako na yeye, na tofauti hiyo haiondoki kwa kumtukana.

Neno hili ni la haraka. Reli pana ya Kenya ilifika karibu na Naivasha mwaka 2019, ikakwama huko kwa kukosa mkopo. Oktoba 2024 Uganda ilitia sahihi na kampuni ya Kituruki ili ijenge kilomita 272 kutoka Malaba mpaka Kampala. Vipande hivi vikikutana Malaba wakubwa watakuja na bendi na utepe wa kukata. Lakini ni nani atakayeendesha treni kuvuka mpaka? Saa zake zitahesabiwa kwa sheria ya nchi gani? Akikatwa mkono Tororo nani atalipa hospitali, na kwa shilingi ipi? Akistaafu, atagonga mlango gani? Wakubwa watapanga bei ya mzigo kwa senti ya mwisho, na maswali haya watatuachia sisi, kama walivyotuachia mwaka 1977.

Wala msiambiwe kwamba mambo kama hayo ni magumu kwa nchi mbili kupatana. Novemba 2024 Dakta Kizza Besigye alitekwa Nairobi, na baada ya siku chache akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Hapo hapakukosekana mkopo, wala gari, wala ruhusa ya kuvuka.

Ndugu, sisi si wa kwanza kufikiri hivi. Mwaka 1937 Makhan Singh na wenzake walipokipa chama chao jina jipya, hawakukiita cha Nairobi wala cha Kenya. Walikiita cha Afrika Mashariki. Wakoloni walimfunga kizuizini kutoka 1950 mpaka 1961, na sidhani ilikuwa kwa sababu ya kosa dogo.

Kwa hiyo naomba tawi letu liiandikie Halmashauri ya Chama, na Halmashauri iwaandikie wenzetu wa Relwe ya Uganda kabla reli mpya haijafika mpakani. Wakutane Malaba au Tororo, po pote palipo na benchi. Wapatane juu ya mshahara mmoja kwa kazi moja ya kuvuka mpaka, na pensheni inayomfuata mtu po pote alipotumika. Wapatane pia kwamba wakigoma wa upande mmoja, wa upande wa pili hawatapanda injini zao. Kisha karatasi hiyo ipelekwe kwa serikali zote mbili siku moja, na sahihi za pande zote mbili.

Nauli ya wajumbe wanne kwenda Malaba na kurudi haizidi kile tulichotumia kwa soda katika mkutano wa mwaka jana. Neno hili nitalileta katika mkutano wa tawi ujao, na anayelipinga na asimame alipinge mbele ya watu, asingoje kantini.

Mwanachama, Nakuru