Sakafu ya Bahari Si Mchoro wa Kukariri

Wasee wa Kisii, kuna uongo mmoja tunaubeba tangu shule: ati bahari ni mambo ya watu wa Mombasa. Sisi wa Kiogoro tuko juu milimani, na maji yetu hata hayaendi huko. Mito yetu inaingia Gucha, Gucha inaingia Ziwa Victoria, halafu ni Nile mpaka Mediterania. Kwa hivyo mwanafunzi akiuliza, "Sakafu ya bahari itanisaidia nini?" anajibiwa, "Inaweza kutoka kwa mtihani." Basi. Chora, weka majina, kariri, sahau.

Mimi nasema huo ni wizi. Unanyimwa kitu chako na hata hujui.

Unaukumbuka ule mchoro? Ukitoka ufuoni kuna sehemu ya bara iliyofunikwa na maji ya kina kifupi. Mbele yake kuna mteremko mkali. Chini ya mteremko ni tambarare, kilomita kadhaa chini ya maji, kisha milima na mitaro.

Sasa sikia kazi yake. Kwa sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa, nchi ya pwani inaweza kudai maili 200 za baharini. Ikitaka sakafu zaidi ya hapo, lazima ionyeshe kwa vipimo bara lake linaishia wapi chini ya maji. Wanapima mguu wa ule mteremko, na unene wa tope na mchanga uliolundikana mbele yake. Kenya ilipeleka vipimo vyake Mei 2009. Yaani ule mchoro ndio ushahidi wa mpaka!

Na huku kwetu mtu akisogeza mpaka wa shamba hatua moja tu, ukoo mzima unaamka. Lakini Somalia ilitupeleka mahakama ya The Hague mwaka 2014, tukigombania eneo la bahari la zaidi ya kilomita za mraba 100,000. Hukumu ikatoka 12 Oktoba 2021, sehemu kubwa ikaenda kwao, na serikali yetu ikaikataa. Ni darasa gani lilifungua ramani siku hiyo?

Kama mipaka haikusumbui, basi bundles zako zitakusumbua. Jumapili, 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Video unayotazama ukiwa Kisii inaweza kuwa imepita kwenye waya uliolala sakafuni mwa bahari, mwembamba kama mpira wa kumwagilia maji. Karibu na nchi kavu waya huo hufukiwa kwa sababu nanga na nyavu huukata. Hiyo pia ni Jiografia.

Najua jibu: shule zetu hazina maabara, na bahari iko mbali. Sawa. Chukua katoni. Panga mawe na udongo ndani, ifunike, toboa matundu kwa mstari. Mwanafunzi ashushe kijiti tundu moja baada ya jingine, aandike kina, kisha achore umbo la asichokiona. Mabaharia wa zamani walipima hivyo kwa kamba yenye uzito. Leo meli hutuma sauti chini na kupima muda wa mwangwi kurudi. Katoni haihitaji bajeti ya kaunti, inahitaji mwalimu anayetaka mtoto aelewe.

Na kazi haijaisha. Karibu robo tatu ya sakafu ya bahari duniani bado haijapimwa vizuri kwa vyombo vya kisasa. Mtu ataipima. Kwa nini asiwe msichana wa Kiogoro?

Kwa hivyo mwalimu akichora ule mchoro tena, inua mkono. Usiulize kama utatoka kwa mtihani. Uliza: "Mwalimu, hapa Kenya inaishia wapi?"