Koleo si dawa pekee ya jino



Katika miji yetu ya mashariki, mtu anayeumwa na gego huwa na safari fupi. Hununua vidonge vya kutuliza maumivu, huvumilia wiki moja au mbili, kisha huenda kung'olewa. Kung'oa ni kazi ya muda mchache, bei yake inajulikana, na usingizi hurudi. Yule anayesema kwamba jino lake laweza kuokolewa kwa kuvikwa taji, au kofia kama wengine wanavyoiita, hutazamwa kama mtu anayetafuta urembo wa matajiri. Mimi naona kinyume. Taji la jino ni matibabu, na jumuiya zetu, ambazo hujua kuchangiana katika msiba na arusi, zingepaswa kulihesabu hivyo.

Tulielewe kwanza jambo lenyewe. Ganda la nje la jino ni gumu kuliko kitu chochote mwilini, lakini uozo ukilitoboa, mwili hauwezi kulijenga upya kama unavyounga mfupa uliovunjika. Tundu likiwa dogo, mganga wa meno huliziba, na shauri limekwisha. Uozo ukifika katikati, penye mishipa ya damu na ya fahamu, mara nyingi hana budi kuiondoa mishipa hiyo, kusafisha mifereji ya mizizi na kuijaza. Gego lililotibiwa hivyo hubaki na kuta nyembamba. Siku mwenyewe atakapotafuna mahindi ya kuchoma au kuuma mfupa, laweza kupasuka mpaka chini ya ufizi, na hapo halibaki ila koleo. Taji huwekwa ili lizishike kuta hizo pamoja, kama pete ya chuma inavyoushika mpini usipasuke.

Kazi hiyo haina fumbo. Mganga hupiga picha ya mionzi ili aione mizizi, hutia ganzi, hulichonga jino pande zote na kulipunguza juu kwa milimita moja au mbili. Halafu huchukua umbo lake kwa kitu laini kinachoganda mdomoni, na kuweka kofia ya muda. Fundi wa maabara hutengeneza ile ya kudumu, ya madini au ya kauri, au ya madini yaliyovikwa kauri, nayo hugandishwa kwa sementi siku nyingine. Wala ufundi huu si wa jana: Waetruski wa Italia ya kale walifunga meno kwa utepe wa dhahabu yapata miaka 2500 iliyopita, na mwaka 1907 Mmarekani William Taggart alionyesha namna ya kumimina dhahabu katika umbo lililofinyangwa kwa nta, njia iliyofungua mlango kwa mataji yanayolikaa jino barabara.

Sisi Wakatoliki tunaye msimamizi wa wenye kuumwa meno, Mtakatifu Apolonia wa Aleksandria, aliyeuawa mwaka 249 baada ya kuvunjwa meno yake. Wachoraji humwonyesha ameshika koleo lenye jino. Nikiitazama picha hiyo hujiuliza kama hatukuisoma vibaya: koleo ni alama ya watesi wake, nasi tumelifanya kuwa alama ya uponyaji.

Tatizo ni fedha, na sitalipamba. Taji hugharimu mara nyingi zaidi ya kung'oa, na kabla yake mgonjwa amekwisha kulipia picha na usafishaji wa mizizi. Tumfikirie mwalimu wa shule ya msingi huko Kadutu, ambaye amekwisha poteza magego mawili upande wa kushoto, na sasa la kulia linauma. Likitoka hilo, atatafunia wapi? Baada ya miaka, meno ya jirani yataegemea pengo, lile la taya ya pili litashuka kulitafuta lenzake, na mfupa utapungua mahali palipo patupu. Mwalimu huyu hayajui hayo, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mara nyingi mganga huutazama mfuko wa mgonjwa kabla ya kuutazama mdomo wake, na kwa huruma hamtajii taji kabisa. Huruma hiyo ndiyo ninayoilalamikia. Maskini anastahili kuambiwa lipi lawezekana, hata kama jibu lake litakuwa kwamba hawezi. Kumficha njia ni kuamua kwa niaba yake.

Najua nitakalojibiwa. Nchi ina vita, kambi zimejaa wakimbizi, malaria inaua watoto, na huyu anatuandikia habari za kofia za meno! Pingamizi hili lina uzito. Sisemi kila gego livikwe taji. Lakini jino lililooza si jambo dogo: usaha wake waweza kushuka hadi shingoni na kuziba pumzi, na watu hufa kwa ajili hiyo. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya afya ya kinywa, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Wengi wao hawaishi katika nchi tajiri.

Tena, anayetaka kupunguza gharama ya mataji aanze na watoto wa miaka sita. Katika umri huo gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya meno yote ya utoto, bila hata jino moja kung'oka ili kulipisha. Mzazi huliona, hudhani ni la utoto, husema: liache lioze, litabadilishwa. Halitabadilishwa kamwe. Mama mmoja akilijua hili na kusimamia mswaki wa jioni, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, amefanya kazi ambayo taji halitaifikia. Ningefurahi kusikia likisemwa katika mikutano ya akina mama mara nyingi kama tunavyosema habari za chandarua.

Kuhusu wale wanaovika jino zima kofia ya rangi ya dhahabu ili ling'ae wanapocheka, sina mengi. Wanachonga kitu kizima ili kukipamba, na wameliharibia taji jina lake.

Anayeshauriwa taji asione haya kuuliza. Je, jino limebaki la kutosha juu ya ufizi, au tunajenga juu ya mchanga? Mizizi imesafishwa na kupigwa picha? Kofia itakuwa ya kitu gani, na ikilegea, nani ataigandisha tena bila malipo mapya? Jino lililopasuka hadi mzizini ling'olewe, na mganga mwaminifu atasema hivyo. Aliyevikwa naye ajue kwamba chini ya taji bado kuna jino, na kwamba uozo huingia pembeni, pale kofia inapokutana na ufizi. Likitunzwa, mara nyingi taji hudumu miaka 10 au zaidi.

Mhazini wetu ataniuliza fedha zitoke wapi. Zitoke katika mfuko wa wagonjwa uliopo, ambao leo hulipia kulazwa hospitalini na kujifungua, lakini meno hauyatambui. Uanze na kuziba matundu madogo ya watoto na ya watu wazima, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Kwa taji, mfuko utoe sehemu, na sehemu nyingine mwanachama akopeshwe bila riba, alipe kidogo kidogo kama tunavyofanya katika likelemba. Masharti yawe mawili: mganga aandike kwamba jino laweza kuokolewa, na liwe jino la kutafunia. Mapendekezo ya bajeti ya mwaka ujao bado hayajafungwa.