Ilani ya Wanaobaki Mpaka Saa Isome Sifuri

Sisi wa safu za juu upande wa kaskazini, tunaokanyaga maboksi yaliyofumuliwa ili baridi ya zege isitupande miguuni, tumechoka. Timu hatujaichoka, tumechoka na wakubwa wa chuo wanavyoiendesha. Wengi wetu tumekulia Simba na Yanga, au Gor na Ingwe. Masomo, kazi na ukimbizi vikatuleta kwenye mji huu wa chuo katikati ya Marekani, tukanasa kwenye mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai. Hakuna aliyetulazimisha.

Jina la chuo hatulitaji. Itoshe kusema timu yetu imekuwa kichwa cha mwendawazimu, kama Mzee Mwinyi alivyowahi kuisema Taifa Stars: kila kinyozi anajifunzia hapo.

Jumamosi iliyopita, robo ya nne, zimebaki dakika sita, tunapigwa 38 kwa 10. Jaribio la nne na la mwisho, imebaki yadi moja tu. Tukasimama wote. Kocha akaagiza mpira upigwe mbali, wapewe wapinzani. Yuko nyuma pointi 28! Bendi ya chuo iliendelea kuvipigia viti vitupu. Mzee anayekaa mbele yetu akakunja blanketi lake taratibu, akamwaga chai iliyobaki kwenye chupa, akashuka ngazi bila kuaga. Heri angezomea.

Usiku ule ndipo tulipoamua kujikusanya. Vuguvugu halina jina bado. Waliokuja na majina walikuwa wengi kuliko waliokuja na michango.

Hata hivyo hatudai kocha afukuzwe. Hoja yetu ni pesa za kumwondoa, yaani fidia anayolipwa akifukuzwa kabla mkataba haujaisha. Timu ya chuo cha Nebraska ilimfukuza kocha Scott Frost Septemba 2022, siku moja baada ya kupigwa nyumbani 45 kwa 42 na Georgia Southern, ikabeba mzigo wa takribani dola milioni 15. Ingengoja hadi Oktoba 1, mzigo ungepungua kwa nusu. Wiki tatu tu zilizidi uvumilivu wao! Novemba 2023 Texas A&M ikamtoa kocha Jimbo Fisher kwa fidia ya zaidi ya dola milioni 75, na mkataba wake haukuruhusu fidia ipunguzwe hata akipata kazi kwingine.

Wanaotaka kocha afukuzwe watatutajia Indiana: ushindi 3 mwaka 2023, akaja kocha mpya Curt Cignetti, ushindi 11 mwaka 2024. Tunajua, na wivu tunao. Lakini mfano wetu ni kocha Bill Snyder. Alianza Kansas State mwaka 1989, timu imetoka misimu miwili mizima bila kushinda hata mchezo mmoja. Akashinda 1. Mwaka uliofuata 5, kisha 7. Mwaka 1997 akafika 11. Kwa hesabu za wakubwa wetu, angefungashiwa virago Krismasi ile ya kwanza.

Basi kocha apewe muda, na mkataba wake usiongezwe kwa pupa baada ya msimu mmoja mtamu. Akifukuzwa, fidia ikome siku anayopata kibarua kingine. Mpaka tuone hilo kwenye karatasi, tutakata tiketi mechi kwa mechi, na ule mchango wa ziada unaodaiwa ili mtu apewe kiti kizuri hatutoi. Viti vibaya tumevizoea.

Wachezaji waachwe. Ni kweli tangu 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na wapo wanaodhani dola hizo zimewanunulia haki ya kutukana. Kijana ana miaka 19, amekosa kupitisha mpira kati ya nguzo, na Jumatatu ana mtihani wa kemia. Atakayemtumia matusi kwenye simu si mwenzetu, hata kama ameshalipa mchango wa vuguvugu.

Tunakutana Jumamosi, saa moja kabla ya mchezo, lango la kaskazini. Chai ya tangawizi ipo. Boksi la kukanyagia, kila mtu aje na lake.