TUSING'OE RELI KABLA NYINGINE HAIJALAZWA

Ndugu wafanya kazi wa Thika na Ruiru,

Halmashauri ya chama chetu cha akiba na mikopo imetangaza kwamba kompyuta zote za ofisi zitabadilishwa, na programu ya hesabu itabadilishwa pia, yote kwa usiku mmoja wa mwisho wa mwezi. Muuzaji amesema akilipwa upesi atapunguza bei. Sisi wanachama hatukupewa nafasi ya kuuliza hata swali moja. Basi twauliza hapa, kwa sababu hesabu zilizomo katika kompyuta hizo si mali ya Halmashauri, wala si mali ya muuzaji. Ni jasho la watu waliobeba mataruma juani.

Kwanza tuseme kweli, ili mtu asituite maadui wa maendeleo. Kompyuta zetu zinatumia Windows 10. Kampuni ya Microsoft iliyoitengeneza iliacha kuitunza bure tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake ni hii: mwizi akigundua tundu jipya leo, hakuna fundi atakayekuja kuliziba bila malipo. Kwa hiyo wenzetu wanaosema, "Ziacheni, bado zinafanya kazi," nao wanakosea. Hata daraja lililooza hupitisha gari, mpaka siku ile linapoanguka.

Basi kubadili ni lazima. Neno tunalobishania ni njia. Njia ziko tatu.

Njia ya kwanza ni kukaa na mitambo ya zamani na kulipia ulinzi wake. Microsoft huwauzia wenye ofisi ulinzi huo kwa miaka mitatu tu, mpaka Oktoba 2028. Mwaka wa kwanza ni dola 61 kwa kila kompyuta, wa pili 122, wa tatu 244. Jumla ni dola 427, na mwisho wake bado unayo kompyuta ile ile kuukuu. Tena anayejiunga kwa kuchelewa hulipa na mwaka uliopita. Njia hii yafaa kwa kungojea kwa muda mfupi, haifai kukaa.

Njia ya pili ni kupanda hatua kwa hatua. Kompyuta yenye uwezo hupandishwa kutoka Windows 10 hadi Windows 11 bila kununua leseni mpya. Isiyokuwa na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, au yenye prosesa ya zamani mno, haikubaliwi. Hiyo ndiyo inunuliwe badala yake. Programu ya hesabu ingojee zamu yake, mpaka mitambo itulie.

Njia ya tatu ni ya muuzaji: kutupa vyote na kuanza upya usiku mmoja. Je, amezipima kompyuta zetu moja moja aone zipi zinafaa? Hakuzipima. Daktari gani humkata mgonjwa mguu kabla hajautazama?

Watatuambia kwamba kazi kubwa zimewahi kufanywa kwa siku moja. Ni kweli, na sisi watu wa reli twazijua kuliko wao. Mwaka 1886 reli za kusini mwa Marekani, maili zaidi ya 11,000, zilisogezwa kutoka upana wa futi 5 hadi futi 4 na inchi 9 kwa siku mbili tu, tarehe 31 Mei na 1 Juni. Lakini siku hizo mbili zilitanguliwa na miezi ya kazi. Misumari ya ndani ilikwisha pigiliwa mahali pake mapya. Mabehewa na injini zilikwisha tayarishwa. Kila gangi ilijua kipande chake. Muuzaji wetu amepigilia misumari gani?

Tena watazame waliofanya haraka. Mwezi wa Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha hesabu za wateja wake wapatao milioni 5 kwa mwisho wa juma mmoja. Watu mpaka milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao. Mambo hayakurudi sawa kabisa mpaka Desemba ya mwaka huo. Mwaka 2022 wakaguzi wa serikali waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Benki ile ina fedha za kulipa faini. Sisi tukipotewa na hesabu, tutalipwa na nani?

Na hapa kwetu? Garimoshi ya reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilianza tarehe 31 Mei 2017. Watu wengi walisema reli ya zamani ni chuma chakavu. Mwaka 2019 reli mpya ikafika upande wa Naivasha, ikakoma. Fedha za kwenda mpaka Malaba hazikupatikana wakati ule, ikabidi wairudie ile ya zamani, waitengeneze na kuiunganisha. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hata reli hii yetu ilifika Thika mwaka 1913, kisha ikasogezwa kidogo kidogo mpaka Nanyuki. Hakuna aliyelala Ruiru akaamka Nanyuki.

Sisi wenyewe tumekwisha onja uchungu huu. Zamani vitabu vya chama kimoja vilipoingizwa katika kompyuta, mwenzetu mmoja wa gangi ya Ruiru aliambiwa ana deni la mkopo aliokwisha kuumaliza. Mshahara wake ukakatwa miezi miwili, na watoto wakarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kilichomwokoa ni leja iliyobaki kabatini na kadi aliyoitunza mkewe. Kama leja ile ingalichomwa moto, angalilipa mara mbili, na angaliitwa mwongo juu yake.

Tena liko neno ambalo Halmashauri halikulisema kwa sauti: makarani wawili wataondolewa kwa sababu programu mpya "hujifanyia kazi." Ndugu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, haimruhusu mwajiri kumwondoa mtu hivyo. Lazima chama cha wafanya kazi na ofisa wa kazi wapewe habari mwezi mmoja kabla, pamoja na sababu zake, na mtu alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Na makarani hao ndio wanaojua nani alilipa nini. Ukiwafukuza wiki ya kuhama, umeifukuza kumbukumbu ya chama.

Basi twataka mambo haya:

1. Kila kompyuta ipimwe, na orodha ibandikwe ukutani.

2. Kwanza mitambo, halafu programu. Visibadilishwe pamoja.

3. Programu mpya na ya zamani ziende sambamba miezi mitatu, na kila mwanachama apewe karatasi ya hesabu yake alinganishe mwenyewe.

4. Nakala ya hesabu zote iwekwe nje ya ofisi, na ijaribiwe kuonekana kama kweli yarudisha hesabu. Leja za zamani zisichomwe.

5. Muuzaji afungwe kwa mkataba wa maandishi, kama Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inavyotaka, kwa maana atashika vitambulisho na mishahara yetu.

6. Makarani wafundishwe, wasifukuzwe.

Bei iliyopunguzwa si sababu ya kukimbia. Anayekuharakisha utie sahihi anajua ukikaa kufikiri utaona jambo. Kila mwanachama aje kwenye mkutano mkuu na kadi yake mkononi. Asiyekuja asilalamike siku atakapoambiwa jina lake halionekani.

Umoja ni nguvu.